Kamba ya Mafundo Mawili

Harufu ya muhogo mchungu uliovundikwa mpaka leo inanitapisha. Nikiikuta sokoni Tabora nazunguka kwa njia nyingine, waseme naringa, shauri lao.

Wakati wa Mwingereza bwana shamba alilazimisha kila nyumba ya kwetu ilime muhogo wa kuzuia njaa. Tulikaa mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ya Bukene. Muhogo uliostahimili jua la kule ni ule mchungu, na ule usipouandaa vizuri unaua. Unaulowesha mtungini siku nne kamili, unatoa povu, nzi wanajaa, unanuka kama kitu kilichokufa. Ndipo unaumenya, unauanika, unautwanga. Mama aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote pale.

Mwaka ule akaanza kusahau. Mlenda ukatiwa chumvi mara mbili. Alikwenda kisimani akarudi na mtungi mtupu, akauliza nani kamwaga maji yake. Lakini alijijua. Hilo ndilo watu hawakutaka kuliona. Akatafuta kamba ya gome la mti, akaitundika kwenye ukuta wa jiko, na kila asubuhi muhogo ukiwa mtungini alifunga fundo moja. Yakifika manne, anautoa. Hakukosea hata mara moja.

Mke wa kaka yangu alimcheka sana. "Wifi, njoo umwone mganga wetu! Anafunga hirizi ya ugali!"

Nilicheka na mimi. Naliandika hilo kwa sababu siwezi kuwataja wengine halafu nikajiacha.

Kaka alikuwa kibarua wa reli. Siku moja akaleta neno kwamba kesho kutwa atakuja na mnyapara wake kula chakula, na mtama ghalani umebaki vumbi tu. Kamba ya mama ilikuwa na mafundo mawili. Niliyaona asubuhi ile kwa macho yangu. Wifi akaichomoa ukutani, akafungia mzigo wa kuni.

Mama akaja kupapasa ukuta. "Leo siku ya ngapi?"

"Ya nne, mama," wifi akasema, hata shingo hakugeuza. "Umesahau tena?"

Mama akanitazama mimi. Nikainamia ungo wangu, nikapeta maharage ambayo nilishayapeta.

Akatia mkono mtungini, akaminya kipande. "Mbona mgumu?"

"Maji ya siku hizi ya baridi. Toa tu, mama."

"Mkono wangu unaniambia bado."

"Mkono huo huo uliotia chumvi mara mbili?"

Basi akautoa. Mkono wake ulijua, wifi akamshinda kwa maneno. Tuliukatakata, tukauanika juu ya jiwe siku moja, tukautwanga haujakauka sawasawa.

Mnyapara alikula akasifu. Kuku alikuwa mtamu, akaufunika uchungu. Jua halijashuka, yule bwana akatapika juu ya viatu vyake. Kaka akawa anatambaa uani kama mtoto. Wifi akajishika tumbo akimwita mama yake mzazi. Mimi niliangukia mlangoni, kichwa kinapasuka, ulimi umekufa ganzi, nikalala ndani ya matapishi yangu, kuku wakija kudonoa karibu na mdomo wangu. Nilikuwa nawaona, siwezi kuwafukuza. Aliyewafukuza ni mama. Alikuwa hajala bado, yeye siku zote hula wa mwisho. Alitukokota mmoja mmoja kivulini, akatuosha nyuso.

Wifi alipopata pumzi tu akasema, "Mbona yeye hakula?"

Na kaka, mbele ya mnyapara wake: "Utusamehe, bwana. Ni huyu mzee. Hana akili tena."

Mama alisimama na kata ya maji mkononi. Aliamini ni yeye.

Kesho yake, nilipoweza kusimama, nilimfuata kaka nikamweleza habari ya kamba. Akasema, "Najua, mke wangu kaniambia. Sasa unataka mnyapara asikie kwamba ni mke wangu? Mwache mama abebe. Yeye hata kesho atakuwa ameshasahau."

Mtoto wa kumzaa ndiye aliyesema hivyo, ana ndevu, kila Jumapili yuko kanisani. Nilimwonea kinyaa kuliko yale matapishi. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Wakamkataza jiko. Mafiga yake matatu wifi aliyatupa nje ya uzio kwa mikono yake. Majirani wakaacha kupokea hata maji kwake. Chakula chake kililetwa kwenye sahani ya bati, wifi akaisukuma kwa mguu mpaka kizingitini, nzi wakitangulia. Mama aliyetulisha wote alikuwa anakaa pale mlangoni, vidole vinamenya kitu ambacho hakipo.

Kaka alikosea jambo moja. Mama alisahau jina langu, akasahau kwamba baba alikufa, lakini lile swali halikumtoka. Kila asubuhi aliniuliza, "Leo siku ya ngapi?"

Nami kila asubuhi, mpaka tulipomzika, nilimjibu. "Ya pili, mama."

"Basi bado," alikuwa anasema. "Usiutoe."