Katoni Niliyoipeleka Madhabahuni

Nina komiki kumi na nne za zamani ndani ya sanduku la bati, nyumbani kwangu Kibwezi, chini ya mablanketi tusiyoyatumia. Kumi na nne si kitu. Wakusanyaji wa kweli, wale ninaowaona mtandaoni, wana mamia kwa mamia, na wanajua nani alichora nini na mwaka gani. Mimi sijui lolote. Nazitoa labda mara moja kwa mwaka, mke wangu akiwa ameenda kumwona mamake. Nazinusa kwanza, nasoma mbili tatu, halafu nazirudisha mbio kama mtu aliyesikia lango likifunguliwa. Mke wangu anadhani sanduku lile lina vyeti vyangu vya shule. Wanaume wenzangu huficha mambo makubwa. Mimi, mtu mzima mwenye shamba la vitunguu na mvi za kutosha, naficha michoro ya majamaa waliovaa kaptura juu ya suruali.

Nilikulia Mwingi, na rafiki yangu wa utotoni alikuwa mtoto wa mwenye duka. Familia yao ilitoka pwani miaka mingi nyuma, walikuwa Waislamu, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo, maana changu kilikuwa Kikamba kilichovaa koti la kuazima. Duka la baba yake lilikuwa kando ya barabara ya Garissa, likiuza sukari, mafuta ya taa, misumari na kamba za kufungia mbuzi. Siku hizo sukari ilifungwa kwa karatasi, na karatasi zilikuja kwa lori kutoka Nairobi, magunia ya magazeti na majarida yaliyotupwa na watu tusiowajua. Ndani ya magunia hayo ndimo komiki zilimokuwa.

Rafiki yangu alikuwa na mapatano na baba yake. Akinyoosha rundo la magazeti na kuyapanga vizuri kwa ajili ya kufungia, alijichagulia komiki moja kabla haijakunjwa kuwa pembe ya sukari. Hivyo ndivyo alivyozipata, moja moja, kwa mikono iliyojaa wino. Kila moja aliiandikia namba kwa penseli pembeni na kuiweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Alikuwa na hamsini na kitu. Mimi nilikuwa na kumi na moja, na nyingi kati ya hizo yeye ndiye aliyenipa.

Tulizisoma nyuma ya duka, tumekalia magunia ya chumvi. Kiingereza cha komiki kilikuwa kigumu kwetu, kwa hivyo majina ya wale mashujaa tuliyaacha na kuwapa yetu. Kulikuwa na Wa Glavu, jamaa wa glavu za manjano aliyeweza kushikilia kitu chochote kisianguke. Kulikuwa na Mama Ukuta, aliyepita ukutani kama mtu anayepita kwenye pazia. Kurasa za nyuma zilikuwa na matangazo, miwani ya ajabu na viatu vya kuruka, pamoja na kuponi ya kukata na kutuma ng'ambo. Tulizijaza zile kuponi kwa makini, jina, shule, sanduku la posta. Hatukutuma hata moja. Karatasi zenyewe zilinuka mafuta ya taa, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu ya mafuta ya taa moyo wangu unaruka kidogo. Kati ya zangu, ile niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya daraja, ambapo Wa Glavu anashikilia daraja zima kwa mikono miwili mpaka watu wote wavuke, na mtu wa mwisho kuvuka ni mwizi aliyemwibia yeye mwenyewe.

Tulipokuwa darasa la sita, familia yao ilisafiri Mombasa wakati wa likizo, kwa harusi ya shangazi yake. Duka liliachiwa mfanyakazi mpya, na rafiki yangu aliogopa kwamba huyo mfanyakazi hatajua mapatano yao na atafungia sukari kwa katoni nzima. Akaibeba kichwani mpaka kwetu.

"Niwekee," akaniambia. "Wiki mbili tu. Soma zote, lakini usikunje."

Nikaisukuma chini ya kitanda changu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Juma lililofuata kulikuwa na wiki ya uamsho kanisani kwetu. Mhubiri mgeni, mtu mwenye sauti ya kutikisa mabati, alituambia tulete Jumapili kila kitu kinachosimama kati yetu na Mungu. Kaseti, karata, hereni, majarida. Vingechomwa baada ya ibada, mchana, nyuma ya kanisa, na kila mtu angeshuhudia. Mama yangu alikuwa shemasi, na shemasi hawezi kwenda mikono mitupu. Jumamosi alifagia chumba changu, ufagio ukagonga katoni. Akaivuta, akaifungua, akamkuta Mama Ukuta ametoa kichwa nje ya jiwe.

"Aiya! Hivi vyote ni vyako?" akauliza. "Kesho tunaenda navyo, mwana wakwa. Vyote. Umesikia?"

Nikasema ndio, mama.

Nimeirudia ndio hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Neno moja tu lingetosha: si zangu. Mama yangu alikuwa mkali lakini hakuwa mwizi. Kitu cha mtoto wa jirani asingekigusa hata kama angekiona kimejaa mapepo. Angekifunga kwa kamba na kukirudisha kwa mwenyewe pamoja na maombi. Tena nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba nikisema si zangu, swali litakalofuata ni zangu ziko wapi. Basi nikapiga hesabu ya mtoto wa miaka kumi na miwili: mwenyewe yuko Mombasa, na hata angekuwapo, haji kanisani kwetu. Mama alipotoka kwenda kuteka maji, nikachukua zangu kumi na moja nikazizika katikati ya gunia la ndengu.

Jumapili niliibeba katoni mpaka mbele. Watu wengine walikuwa wameleta kaseti mbili, karata moja iliyochakaa, jozi ya hereni. Mimi nilileta katoni nzima. Akina mama wakapiga vigelegele. Mhubiri akanisimamisha juu ya benchi nionekane, akaniuliza mbele ya watu kama nimeacha vyote. Nikasema nimeacha vyote. Nikavikwa kilemba cha ukoka, na aibu yangu kubwa si kwamba nilikubali kuvikwa. Ni kwamba kilinikaa vizuri. Nilifurahi. Nilimwona mama yangu akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, nikafurahi zaidi.

Zilichukua muda kuungua. Karatasi iliyopangwa vizuri haishiki moto haraka, na yeye alikuwa amezipanga vizuri. Mzee mmoja alizichokoachokoa kwa mti ili zifunguke, na kila zilipofunguka niliona namba za penseli, saba, kumi na tisa, arubaini na mbili. Rangi za majalada ziliwaka kijani. Mimi niliimba pamoja na wengine, kwa sauti ya juu.

Baadaye niliitwa katika makanisa mawili mengine kutoa ushuhuda huo. Katika la pili nilitia chumvi nikasema nilikuwa naota ndoto mbaya.

Rafiki yangu aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, na pakiti ya tende mkononi, zawadi yetu kutoka harusini. Nilimkuta mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa.

"Walichukua," nikamwambia. "Kanisani. Walikuja na mama wakachukua zote, zako na zangu. Nilikataa lakini nililazimishwa."

Akaitazama pakiti ya tende mkononi mwake.

"Hata zako?" akauliza.

"Hata zangu."

"Hata ile ya daraja?"

"Hata hiyo."

Machozi yakamtoka. Akaniwekea mkono begani, yeye ndiye aliyeniwekea mimi, akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Kisha akanipa tende akaenda. Lori lililofuata lilipoleta magunia, alipata komiki tatu, na zote tatu akanipa. Alisema yeye atapata nyingine. Nilizipokea. Ndizo zinazofanya kumi na nne.

Tulitengana tulipoingia sekondari, yeye Mombasa kwa ndugu zake, mimi shule ya bweni huku Makueni. Maisha yakanileta Kibwezi, kwenye maji ya mto na vitunguu. Yeye alirudi Mwingi akarithi duka la baba yake. Tulisalimiana kwenye kundi la simu la waliosoma pamoja, sikukuu kwa sikukuu, basi.

Mwaka huu mtu mmoja alituma kwenye kundi picha ya komiki kuukuu aliyoiona kwa muuza vitabu wa barabarani Nairobi. Mimi, sijui nilipatwa na nini, nikaandika ujumbe mrefu. Nikaeleza magunia ya chumvi, kuponi, Mama Ukuta. Niliandika vizuri, siwezi kujinyima hilo. Watu wakanisifu, kichwa kikavimba, na nikasahau kabisa kwamba kuna mmoja kati yao anayejua mambo yale. Ndipo akaandika chini yake, mbele ya wote: "Huyu ndugu yangu alichomewa komiki zake zote akiwa mtoto. Mimi nilikuwapo. Msimwone anaandika hivyo, aliumia." Halafu akanitumia ujumbe wa peke yangu: "Ukipata nafasi njoo Mwingi. Nina kitu chako."

Uso ulinishuka nikiwa peke yangu shambani. Niliwaza kutojibu. Niliwaza kusema nina kazi nyingi. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikaenda.

Nilimkuta kwenye kaunta, amenenepa, ndevu zimeingia mvi, Kiswahili kilekile. Alitoka nje kunikumbatia akaniingiza ndani, akaagiza chai ya tangawizi. Akavuta droo. Alikuwa ameanza kukusanya tena ukubwani, kila moja ndani ya mfuko wake safi, na kutoka chini kabisa akachomoa moja akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa ile ya daraja.

"Niliiona Nairobi miaka minne iliyopita," akasema. "Nikaona, hii si yangu, hii ni ya yule. Nikakuwekea."

Nilitaka kuipokea, naapa. Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kwenda. Ningesema asante, tungekunywa chai, angefurahi, nami ningerudi nyumbani nikaiweka karibu na ile ya kwanza, ndani ya sanduku. Ni kwa sababu niliona jinsi ingekuwa rahisi ndipo nikaogopa.

"Zangu hazikuchomwa," nikasema.

Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha. Nikamweleza basi: gunia la ndengu, ndio mama, benchi, vigelegele. Nikamwambia hakuna aliyenilazimisha, na kwamba mama aliamini katoni ni yangu kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilisema kwa haraka, macho kwenye mizani.

Mteja akaingia akataka nusu kilo ya misumari ya mabati. Akampimia, akamfungia kwenye gazeti, akamrudishia chenji, akamwambia asante, karibu tena. Nilisimama pale nikitamani anipigie kelele mteja akiondoka.

"Mama yako alijua?" akaniuliza.

"Alifariki bila kujua."

"Mungu amrehemu." Akafunga kopo la misumari. "Siku ile nilifika nyumbani nikalia mpaka mama akaja. Akaniuliza ni hizo karatasi tu? Nikamwambia la, zangu si neno, baba analetewa magunia. Lakini yule mwenzangu hana wa kumletea. Mimi nilikulilia wewe."

Nilisema pole. Neno lilitoka dogo mno. Nikasema naweza kumletea zote kumi na nne, wiki ijayo, kesho akitaka.

"Za nini?" akasema. Hakuwa na hasira, na mimi ningeilipia hasira yake. Aliirudisha komiki ndani ya mfuko wake, akaisawazisha pembe, akaitia kwenye droo.

"Chai yako inapoa," akasema.

Nikainywa nimesimama, ikaniunguza ulimi. Nilipoweka kikombe nikasema basi, niende, nisichelewe. Kwetu na kwao mgeni husindikizwa, hata kama mmegombana, hata kama ni hatua kumi tu mpaka barabarani. Alibaki nyuma ya kaunta, akapangusa mizani kwa kitambaa.

"Haya, asante," akasema. "Karibu tena."

Nikatoka. Kabla sijafika barabarani niligeuka mara mbili kuangalia kama anakuja.