Mgeni wa Karo

Nikisikia ofisi yoyote inamtaka maskini athibitishe umaskini wake, damu hunichemka. Wajukuu hunicheka, husema bibi ameanza tena. Wacheke tu. Wao hawakumwona mama yangu siku ile karani wa baraza alipokuja kwetu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kwetu ni upande wa Mollo, ukitoka alfajiri kwa miguu unaingia Sumbawanga mjini jua halijawa kali. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na badala yake ikarudi habari ya kifo chake. Mama akabaki na mimi, na jembe, na shamba la ulezi ambalo mwaka huo lilitoa kidogo mno. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kufaulu kwenda shule ya kati ya wasichana, shule ya bweni. Kufaulu nilifaulu, lakini karo tungeitoa wapi?

Mwalimu wangu ndiye aliyetuletea tumaini. Alisema serikali imetenga fungu kwa ajili ya watoto wasio na uwezo, na linapitia baraza la Mwene, mtawala wetu. Ombi langu alishalipeleka. Kilichobaki ni karani wa baraza kuja kuiona nyumba kwa macho yake, kisha aamue.

"Atakuja kesho," alimwambia mama. "Usihangaike na lolote. Aone tu mnavyoishi."

Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, hakutujua. Mwanamke wa Kifipa ukimtajia mgeni, mengine yote husahau. Karo ikapotea, ofisi ikapotea, akabaki mgeni. Mwalimu hajafika hata barabarani, mama alishachota udongo mweupe, anasiriba ukuta. Jioni ile wanawake wa jirani walipishana mlangoni petu. Huyu kaleta kuku, yule ungo umejaa unga wa ulezi, mwingine chungu kipya. Shangazi akaleta mkeka wake wa harusi na kigoda cha mumewe. Jirani yetu wa karibu kabisa akaja na kanga aliyonunua dukani mjini, mwenyewe hajaivaa hata mara moja, akamfunga mama kwa mikono yake. Nilifurahi mno. Sikuwahi kuiona nyumba yetu ikipendeza namna ile.

Karani alikuwa kijana wa Chala, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi na soksi mpaka magotini. Aliiegemeza baiskeli yake, akatoa shikamoo. Mama alipiga magoti akampigia makofi taratibu, kama tunavyopokea watu kwetu, akamkalisha kwenye kigoda. Ugali ukaja, na kuku juu yake. Wale waliotuazima vitu walikaa nje, wamejipanga kando ya ukuta, maana mgeni wa nyumba moja ni mgeni wa wote.

Alikula vizuri. Simlaumu, angekataa chakula angetukosea zaidi. Lakini nilimwona anautazama ukuta, anautazama mkeka, anaitazama kanga. Aliponawa mikono alisema kwa upole kabisa:

"Mama, nashukuru sana. Kwangu sijala hivi siku nyingi. Ila nitawaambia nini wakubwa? Fungu lenyewe dogo, na jana nimetoka kwenye nyumba isiyo na mlango. Nyie hapa mna nafuu."

Nikamtazama mama. Neno moja tu lingetosha: vimeazimwa. Lakini umwambie mgeni, tonge bado liko kooni, kwamba kuku aliyemla ni wa kuomba? Bora umfukuze kabisa. Mama aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya vyombo. Mimi niliiona shule yangu inapanda baiskeli na kuondoka. Nilimchukia yule kijana na soksi zake, na kusema kweli nilimchukia hata kuku.

Karani akaaga, akatoka nje, akashika baiskeli.

"Subiri kidogo, baba," mama akasema. "Nitakusindikiza."

Akaingia ndani. Alitoka na ungo mtupu, akampelekea mwenye ungo, akampa kwa mikono miwili. Akarudi, akatoka na chungu. Kisha akaukunja mkeka, akauweka mapajani mwa shangazi, na kigoda pembeni yake.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utatia hata kiganja cha maharage au kipande cha boga, na kama huna, unakaa nacho mpaka upate. Kukirudisha kitupu mbele ya watu ni kutangaza kwamba ndani mwako hamna punje. Wale wanawake walivipokea huku wakiangalia chini. Shangazi alikuwa analia waziwazi. Mwisho mama akaifungua ile kanga, akaikunja vizuri, akaikabidhi kwa mwenyewe, akabaki na kaniki yake iliyopauka, viraka juu ya viraka. Nilitamani kumfunika, lakini sikuwa na cha kumfunikia.

Karani alikuwa Mfipa, hakuhitaji kuelezwa. Aliirudisha baiskeli ukutani, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya mama na kumpigia makofi polepole, yale ambayo mdogo humpigia mkubwa.

"Nimeona, mama," alisema. "Mtoto atakwenda shule."

Na kweli karo ililipwa. Majirani walishangilia, kila mmoja akinibusu na kunivuta mashavu. Mama peke yake hakushangilia. Aliingia ndani akaanza kufagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi. Tangu siku ile mpaka naondoka, hakukanyaga nyumba ya jirani yeyote, hata moto hakwenda kuomba. Serikali ilinipa shule, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini aliyelipa gharama yake namjua.

Asubuhi ya safari alinisindikiza mpaka barabara ya kwenda mjini. Nililia, yeye hakulia. Alinitwisha sanduku kichwani, akaliweka sawa, akanishika kidevu.

"Nimejivua nguo mbele ya mgeni kwa ajili yako," alisema. "Nisisikie umesinzia darasani."