Saa Janja na Maua ya Piko

Fundi wa saa wa Mafiga hupuliza kila saa kabla ya kuigusa, kama anapoza uji. Ukucha wa kidole chake cha mwisho ni mrefu, wa kufungulia vifuniko, na akiwaza huimba puani. Wanaume wenye maneno matamu nawajua. Mmoja aliniachia presha akaenda kuoa Kingolwira. Saa janja yangu ilipoanza kusema mara moyo wangu haudundi, mara unakimbia, nilikosa usingizi kwa hofu. Nikaenda nikiwa nimeshakata shauri kununua toleo jipya, nikijua atanisifia la bei kubwa.

Nilipomwambia nataka jipya, hakunisifia lolote. Alinigeuza mkono, akaona piko nililopakwa kwenye harusi ya mwanangu.

"Mama'angu, saa hii inamulika damu kwa taa. Umeiwekea pazia la maua meusi, itaona nini? Hata hiyo mpya ingekuzika mzima mzima!"

Akaisogeza juu, pasipo na piko. Mapigo yakatokea, yametulia. Nilikaa kwenye benchi lake nikiyatazama, na kwa mara ya kwanza tangu niachwe sikuwa na mtu wa kumlaani.