Surua ya Bibi Harusi

Mwenzenu mpaka leo nikialikwa sendofu nachungulia kwanza nani yupo, maana Kibamba nzima inanijua kama yule aliyemwambukiza bibi harusi surua, na aibu ile sijui nitaivua lini.

Mie kuchora ni ugonjwa. Nilikuwa nimesoma habari za michoro ya miambani kule Kondoa, jinsi watu wa kale walivyosaga udongo na mawe wakapata rangi inayoonekana mpaka leo, basi nikaapa sinunui tena rangi ya dukani (kiburi, nakiri). Nikachimba udongo nyuma ya nyumba, nikasaga mkaa, nikamaliza manjano yote ya mama jikoni, nikachanganya na utomvu wa mgunga, nikamchora binamu yangu Neema, uso unang'aa kama dhahabu, picha ya kufunuliwa mbele ya wakwe siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Baba ni mwalimu wa kemia na alitaka nikasome uhasibu. Akaniambia, "Ukumbi ukiipenda hiyo picha, fomu ya chuo cha sanaa nasaini. Usipoipenda, Jumatatu tunakwenda uhasibu."

Asubuhi ya siku yenyewe nikakuta nzi wameacha vidoa vyao mashavuni mwa Neema wa pichani. Vidogo, hata usingeviona! Ila mie mtu wa usafi (muulizeni mama atacheka), nikachukua kitambaa na sabuni ya mche, nikagusa kimoja kimoja. Nikaona panakuwa pekundu kidogo, nikajipa moyo kwamba ni unyevu tu, nikaifunika picha kwa kanga nikakimbilia kwa msusi.

Ukumbini, emsii akaivuta kanga kwa mbwembwe, vigelegele vikaanza, vikakatika katikati. Uso mzima wa Neema wa pichani ulikuwa na madoa mekundu.

"Jamani, huyu mtoto ana surua?" mama mkwe akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Wazazi msiogope, surua ina chanjo!" emsii akadakia kwenye kipaza sauti.

Watu wakaangua kicheko, Neema akajifunika uso, sikujua analia au anacheka, na mie kwa kuchanganyikiwa nikachovya leso kwenye beseni la kunawia mikono, lenye sabuni tele, nikaisugua picha. Shavu lote likawa jekundu kama nyanya.

"Sasa homa imepanda!" emsii akasema. Nilitamani sakafu inimeze.

Baba akainuka. Moyoni nikasema basi, uhasibu huo unakuja. Njiani akachukua kipande cha ndimu kwenye sahani ya supu ya mtu, akakikamulia shavuni mwa Neema wa pichani, na wekundu ukafifia mbele ya macho yetu, umanjano ukarudi. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, wakidhani tumepanga.

"Manjano ikikutana na sabuni inakuwa nyekundu, ikikutana na ndimu inarudi," Baba akaninong'oneza. "Hili nililifundisha kidato cha pili. Wewe ulikuwa mstari wa nyuma, unanichora na masikio ya punda."

"Shikamoo, Baba," nikasema, nikisalimu amri.

"Marahaba. Fomu iko wapi?"

Neema ameitundika picha sebuleni kwake, ila amekataza mtu kuisogelea na maji ya sabuni. Mie nimeapa sitasafisha tena mchoro ambao hakuna aliyesema ni mchafu. Na kila likizo nikirudi kutoka chuoni, Baba ananisomesha kemia ya kidato cha pili upya, mezani pale pale jikoni, na nakaa mbele.