Kitambaa cha Mama Godson

Nyumbani kwa Otilia hakuna kitu kinachokaa uchi. Makochi yana vitambaa, televisheni ina kitambaa, maikrowevu ina kitambaa, na hata tangi la maji la chooni, jamani, limevikwa kitambaa cha waridi chenye pindo, utadhani linasubiri wageni wa heshima. Nicolaus, mumewe, alikwisha kusema kwamba siku akipitiwa na usingizi kwenye kochi ataamka amefumiwa. Watu walicheka. Otilia aliendelea kufuma.

Alifika Crescent Town, mtaa wa magorofa huko Toronto, mwaka 2002, akimfuata huyo Nicolaus aliyetangulia kusoma. Alikuja na cheti chake cha ualimu kutoka Bukoba. Toronto wakakitazama kwa adabu zote, wakakisifu, wakamrudishia, kisha wakampa kazi ya kuogesha wazee. Nchi ya fursa, na fursa yenyewe imevaa glavu za mpira. Na kwa kuwa alishuka ndege na mtoto wake Godson wa miaka minane kamshika mkono, Watanzania wa huku wakamwita Mama Godson, na mambo yakaishia hapo. Ni heshima hiyo. Mwanamke mzima haitwi jina lake kama mtoto anayetumwa chumvi.

Basi mwaka 2013 makumbusho yakamgundua. Ni nyumba moja ya zamani ya matofali, ndogo tu, waliyoiweka kwa ajili ya kuwakumbuka kina mama waliopigania haki ya kupiga kura. Chini kuna picha zao, na juu huonyeshwa kazi za wanawake wasanii. Mama mzazi wa msimamizi alikuwa mmoja wa wazee wanaoogeshwa na Otilia, na kiti chake, bila shaka, kilikuwa kimevaa kitambaa. Msimamizi akakiinua, akakigeuza, akakitazama nyuma na mbele, akauliza msanii ni nani. Otilia akageuka kuangalia ni nani huyo msanii aliyeingia.

Alipoelewa kwamba msanii ni yeye, akaombwa afume kitu kikubwa cha maonyesho. Majira yote ya baridi alifuma. Alifuma kwenye basi, alifuma wakati wa chakula cha mchana, na kanisani alifuma kila mchungaji alipofika kwenye habari za ujenzi. Wakatoka tausi wawili wanaotazamana, mikia imefunguka hadi kwenye pindo. Jengo zima liliwajua tausi wale. Mama Farhat, jirani yake wa mlango wa pili, mtu wa Tanga asiyejua kunong'ona, alikuja mara kadhaa kukipima kitambaa na kitanda chake, akisema kwamba maonyesho yana mwisho, ati.

Makumbusho wakapiga simu nyumbani kuuliza jina la msanii. Akapokea Nicolaus, na Nicolaus hajawahi kushindwa na swali lolote maishani.

"Mama Godson," akajibu, akatamka polepole wasije wakakosea.

Siku Otilia alipopeleka kitambaa kikatundikwe, akaikuta kadi imekwisha kuchapwa: Mama Godson, Tanzania. Msimamizi alidhani Mama ndilo jina alilobatizwa. Kwa furaha akampeleka chini kumwonyesha zile picha. Kina mama wamejipanga na kofia zao kubwa, wamekaza nyuso kama kamati ya harusi iliyokosa mpishi. Chini ya kila mmoja pameandikwa: Bibi George fulani, Bibi William fulani, Bibi Henry fulani.

"Hayo si majina ya waume zao?" Otilia akauliza. "Wenyewe walikuwa wanaitwa nani?"

Msimamizi akashusha pumzi. Wengine, alisema, walikuwa wamewatafuta majina yao kwa miaka bila kuyapata, maana magazeti ya wakati ule yaliandika la mume tu. Walihutubia, walitukanwa, walipigana mpaka kura ikapatikana, na huyo Bwana George, ambaye pengine siku hiyo alikuwa nyumbani anatafuta soksi, ndiye aliyebaki kwenye historia. Hongera yake.

Otilia akapanda tena juu, akasimama mbele ya kadi yake. Iliuma, tena iliuma vibaya. Vidole vilikuwa vyake, macho yaliyochoka yalikuwa yake, halafu sifa anakwenda kupewa Godson, bwana mkubwa wa chuo kikuu cha Calgary ambaye hata kifungo cha shati humsubiri mama yake. Alitaka jina lake hapo. Hakuwahi kujua kwamba analitaka kiasi kile.

"Baba Godson, wale watu umewapa jina gani?" aliuliza jioni ile.

"Lako."

"Langu ni lipi?"

Nicolaus akapunguza sauti ya mpira kwenye televisheni, jambo analolifanya misibani tu. "Mama Godson, usinitafutie ugomvi. Ukiandika Otilia nani atakujua? Watu watapita hapo kama wanapita dirisha la benki."

"Wakiliona watanijua."

"Haya, mheshimiwa," akasema Nicolaus, akaongeza sauti.

Asubuhi Otilia akapiga simu mwenyewe, akalitaja herufi kwa herufi, la kwake na la baba yake: Otilia Rwechungura. Hakumwambia mtu. Alitaka walione kwa macho yao, hasa Mama Farhat, ambaye angepiga vigelegele mpaka vioo vitetemeke.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, na wazee huogeshwa hata Jumamosi, kwa hiyo Otilia alichelewa. Kina mama wa umoja wa Watanzania walikwisha tangulia, wamevaa sare ya kitenge, na masinia ya sambusa ambazo hakuna aliyeziagiza, kwa sababu mtu mstaarabu haendi mikono mitupu hata makumbusho. Kabla hajamaliza ngazi akasikia sauti. Akaijua.

"Hapiti mtu hapa!"

Mama Farhat alikuwa amesimama mbele ya tausi, kanyoosha mikono kama golikipa. Msimamizi alikuwa mwekundu, kila akitaka kueleza anakatizwa. Nicolaus, sambusa mkononi, alikuwa kageukia ukuta wa upande wa pili akiichunguza picha ya maua kwa makini ya ajabu.

"Wamemwibia mwenzetu mchana kweupe!" Mama Farhat aliwaka, Kiswahili kwa wenzake, kisha kile Kiingereza chake cha kujitegemea kwa msimamizi. "Tausi hawa tumewaona wakizaliwa! Leo eti Otilia. Otilia gani? Nyie mnamjua Otilia?"

Kina mama wakasema hawamjui. Mmoja akadhani labda ni Mkongo. Mwingine akasema jina lenyewe la Kizungu, ndio zao hao kuchukua vya watu, na akaanza kukusanya sambusa.

Otilia akawapasua katikati. Furaha yote aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi ilikuwa imegeuka kuwa hasira, na hasira hiyo ikampata aliyekuwa karibu.

"Otilia ni mimi!"

Aliyekuwa anakusanya sambusa akaanza kuzirudisha.

"Mimi hapa, Mama Farhat! Miaka yote tunaazimana chumvi, unakula kwangu, nakula kwako, funguo zangu unazo, na jina langu hulijui! Wewe, wa kwanza kabisa, unasimama mbele ya wageni unauliza Otilia gani? Huoni hata haya?"

Mama Farhat alishusha mikono. Kisha akajifunga vizuri mtandio wake.

"Sawa," akasema. "Nimekosa. Na mimi naitwa nani?"

Otilia akafungua mdomo.

Huyu ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha Otilia alipolazwa kwa upasuaji, akamlisha uji, akamsuka, akagombana na wauguzi kwa niaba yake. Manesi walipomuuliza huyu ni nani wako, Otilia alijibu ndugu yangu. Kwenye simu yake ameandikwa Mama Farhat. Kwenye kadi za Idi amemwandikia Mama Farhat. Alitafuta, akatafuta tena, kina mama wote wakimtazama, na kila alikotafuta alimkuta Farhat.

"Sijui," akasema mwishoni, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya tausi wake.

"Kulsum," alisema Mama Farhat, taratibu, kama mtu anayekijaribu kiatu alichokiacha kabatini siku nyingi. "Ila usiniite hivyo mbele za watu. Sijazoea."