Mdomo wa Bwawa Uliponyamaza

"Mzee haoni," alisema Monika, akashusha sauti kana kwamba viazi alivyokuwa akichimba vina masikio. "Nakuambia wewe, mama Kaupa. Juzi kapita hapa, nikamwamkia. Unajua alimwitikia nani? Nguruwe wangu. 'Hujambo, mama,' anamwambia nguruwe!"

Agata alicheka. Nguruwe mwenyewe alikuwa palepale anafukua, mnene, mwenye haki zote za kuamkiwa. Lakini kicheko hakikufika mbali. Alimvuta mwanawe, Kaupa, karibu na kifua.

"Anaona," alisema. "Kila asubuhi si anakwenda bwawani mwenyewe?"

"Miguu inajua njia. Macho ni kitu kingine." Monika alikung'uta udongo kwenye kiazi, akakitupa mfukoni. "Mimi nyumba yangu iko huku juu, mwenzangu. Ya kwako je?"

Agata aligeukia bondeni. Nyumba yake ilikuwa chini ya bwawa, na mlango wake ulitazamana na ukingo wa udongo kama mtu anavyotazamana na dume la nguruwe lililolala njiani.

Bwawa lilikuwa la mzee huyo, Goiye, baba mkwe wake. Jina hilo Agata hakuwahi kulitamka. Kwao kule milimani Simbu, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hamrekebishi anapokosea, wala hampandishii sauti. Humwita baba, basi. Goiye alilichimba bwawa hilo kwa koleo akiwa bado na meno yote, mkewe akibeba udongo kwa mfuko wa kamba uliomning'inia kichwani, kisha wakaukanyagakanyaga ukingo pamoja kama watu walio ngomani. Akapanda mivinje kuzunguka pote, ili kila apitaye ajue kuwa pana mwenyewe. Akatia perege. Mkewe alipofariki, watu walidhani atalisusa bwawa likauke. Wapi! Ndiyo kwanza akahamia huko. Asubuhi yuko ukingoni, jioni yuko ukingoni, akizungumza na samaki mambo aliyokuwa akizungumza na mkewe: kahawa, goti, mvua.

Kazi yake kubwa haikuwa kuwalisha hao samaki. Ilikuwa mdomo. Kwenye kona ya ukingo palikuwa na bomba la kutolea maji yanayozidi, nalo limewekewa wavu wa waya ili samaki wasitoroke. Sasa mvinje hauna huruma. Majani yake membamba kama nywele yanadondoka mchana kutwa, yanaelea, yanavutwa mdomoni, yanajisuka kwenye waya mpaka yanakuwa mkeka. Goiye aliyachomoa kwa vidole, akayatupa chini ya mibuni.

"Bwawa ni mlevi," alipenda kusema. "Mwache anywe atakavyo, lakini usimzibe mdomo. Atapasuka tumbo."

Hakuna aliyebisha. Ng'ambo ya mto, Wemin alikwenda msibani wakati wa mvua akaliacha bwawa lake bila mtu. Aliporudi hakukuta bwawa, wala banda la nguruwe lililokuwa chini yake. Alikuta mfereji mwekundu uliokwenda moja kwa moja hadi mtoni.

Maji ya bomba la Goiye yaliangukia mawe nyuma ya nyumba ya Agata. Mumewe alikuwa mbali, kiwandani, na sauti ya maji hayo ndiyo iliyomliwaza yeye na kumlaza Kaupa. Tangu maneno ya Monika, aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Jumapili, baada ya misa, vijana wa bondeni walimzunguka mzee wakimtania. "Babu, asante kwa kitoweo! Vitoto vya samaki wako tunaviokota mferejini chini ya bomba, bure."

"Kuleni tu, mnenepe," alijibu Goiye, akacheka nao.

Lakini kesho yake Agata alimwona ukingoni na kipande cha chandarua kikuukuu, anakifunga juu ya waya wa mdomo. Mikono ilikuwa ikipapasa huku, uso umegeukia kule, kwenye miti. Alifunga mafundo mengi, akayakaza.

Agata alisimama na kuni zake. Chandarua kinachozuia mbu kitaacha kipi kipite? Maneno yalimfika ulimini. Akayameza. Yeye ni nani amfundishe baba mkwe namna ya kulivalisha bwawa lake?

"Umefunga vizuri, baba," ndiyo aliyosema.

"Sasa waje waokote mawe!"

Na hata angetaka kwenda kukifungua mwenyewe kwa siri, asingeweza. Mwanamke anayenyonyesha mtoto mchanga hatii mguu bwawani. Samaki wataelea matumbo juu, wanasema.

Mvua ilikuja mchana huohuo, Agata akichoma viazi jikoni. Haikuwa mvua ya kelele. Ilikuwa ile nzito, iliyonyooka, inayoshuka kama haina haraka kwa sababu inajua itashinda. Bomba likanguruma. Baadaye likaimba kwa sauti nyembamba. Halafu likanyamaza.

Agata aliacha kiazi motoni. Mvua inanyesha, na bomba limenyamaza! Alitamani awe amesikia vibaya. Alitoka nje, akatazama mawe: tone, tone. Akainua macho. Juu ya ukingo, pale ambapo maji hayakuwahi kupita, uzi wa maji ya kahawia ulikuwa ukiteremka, umebeba udongo.

Alimzoa Kaupa pamoja na mfuko aliolalia, akakimbia kuelekea njia ya kwa Monika. Alikuwa ameshaanza kupanda alipomwona mzee. Goiye alikuwa amepiga magoti juu ya ukingo, mkono mmoja majini hadi begani, anatafuta. Mdomo ulikuwa upande mwingine.

Agata alisimama. Akautundika mfuko wa mtoto kwenye tawi la mvinje, hapo juu njiani, mbali na ukingo, na Kaupa akaanza kulia. Aliteremka bila kugeuka nyuma. Angegeuka, asingeteremka.

"Baba! Siyo hapo!"

"Nani?"

Alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, naye anauliza nani. Baridi iliyompata Agata haikuwa ya mvua.

"Ni mimi, mama Kaupa. Mdomo uko kulia kwako!"

"Naujua mdomo wangu ulipo!" Mzee aliendelea kupapasa matope. "Toka hapa. Una mtoto mchanga, utaniulia samaki."

"Wacha wafe!"

Akaingia. Maji yalimfika kifuani, mazito, yana mkono wao unaovuta. Chandarua kilikuwa kimevimba majani ya mvinje kama mto wa kulalia, kimenyonywa ndani ya bomba. Alivuta, hakikutoka. Mafundo yalikuwa yamekaza, kucha zikamvunjika. Chini ya nyayo zake alihisi ukingo unatikisika kidogo, kama mgongo wa mnyama anayetaka kuinuka. Alizamisha uso kwenye maji ya matope, akaitafuna kamba kwa meno, huku masikio yakiwa hayasikii tena mtoto. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kamba ilikatika. Bomba likacheua cheuo kubwa lisilo na adabu, likamvuta mkono hadi kiwiko, kisha huko chini mawe yakaanza kupigwa na maji.

Alipokitupa chandarua ukingoni na kutoka, Kaupa alikuwa bado analia. Alimshusha, akampa ziwa palepale kwenye mvua, akatetemeka mpaka chuchu ikawa inamtoka mtoto mdomoni. Ule uzi wa maji ulikuwa umeula ukingo upana wa mlango, ila sasa ulikuwa unapungua. Mvua haikuonyesha dalili ya kukatika.

Goiye alipanda taratibu, mkono mmoja ukishika mti hadi mti, akaketi kando yake. Mikononi alikuwa na kile kitambaa. Alikipapasa tundu kwa tundu.

"Chandarua changu."

"Ndiyo, baba."

"Uliniona nikikifunga?"

"Nilikuona."

"Na ulijua?"

"Nilijua, baba."

Hakukasirika. Angekasirika, woga wa Agata ungepungua. Aligeuza uso kumtafuta mtoto kwa sauti yake, akamkosa kidogo.

"Jicho hili limekwenda tangu mibuni ilipochanua," alisema. "Hili jingine linaona mwanga wa mlango, basi. Nilidhani vidole vitanitosha." Wote wawili walisikiliza bomba. "Mama Kaupa, nakuomba kitu. Kule nyumbani, kwenye moto, mbele ya watu, mimi ni baba mkwe wako. Hapa ukingoni usiniheshimu. Ukiniona nashika pabaya, nipigie kelele kama leo. Nikibisha, nisukume. Na mvua ikianza tu, kabla hujanijia mimi, mtoe kwanza mtoto."