Kiwanja Kilichongoja Kura

Siku yangu ya kwanza kazini Mpima Mkuu hakunipa kalamu. Alinipa wembe.

"Utaanza na kukwangua," alisema. "Ukishajua uchungu wa kufuta, utaandika kwa adabu."

Enzi zile, vijana wangu, ramani za mitaa tulizichora kwa mkono juu ya karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga. Ile ya asili tuliiita ramani mama, kwa kuwa nakala zote zilitoka kwake. Wino wake haukutoka kwa maji wala kwa raba. Ukikosea, uliukwangua kwa wembe polepole, na hata ukikwangua kwa ustadi gani, kovu lilibaki. Mkubwa wako aliinua ramani dirishani akakuona wewe na kosa lako pamoja. Kuongeza neno, kwa upande mwingine, hakukuacha alama yoyote, ilimradi mkono uwe ule ule na wino uwe ule ule.

Mimi ni mzaliwa wa Kator, hapa hapa Juba. Vita vilitutoa nikiwa mdogo, nikasomea uchoraji wa ramani Nairobi, na mkataba wa amani ulipotiwa sahihi nikarudi Juba na cheti changu, Kiswahili cha Nairobi, na Kiarabu cha Juba kilichoshika kutu. Nikaajiriwa na ofisi ya mipango ya baraza moja la mtaa. Silitaji jina, wenyewe wanajijua. Mpima Mkuu alikuwa mzee mrefu aliyesomea Khartoum, mtu wa kuvaa tai hata siku ambazo mbwa walikataa kutoka kivulini. Siku aliponipa kalamu hatimaye, alinipa mtaa mdogo ninakili. Nikanakili vizuri, nikajipongeza moyoni. Akaweka kidole kwenye mraba mmoja katikati.

"Hapa pana nini?"

"Pako wazi, mzee."

"Juba hapana mahali palipo wazi, ya binti. Ukiacha mraba mtupu leo, kesho utaukuta na geti."

Nilidhani anatania. Ndani ya mwaka mmoja niliona uwanja wa soko ukigeuka nyumba ya ghorofa, na njia ya kwenda kisimani ikigeuka karakana ya mtu mwenye bendera kwenye gari lake. Ndipo nikaelewa kwa nini kila mraba ulipaswa kuandikwa matumizi, yaani maneno mawili matatu yanayosema kiwanja kile ni cha kazi gani: soko, zahanati, kisima. Maneno yale ndiyo yaliyokuwa ukuta wetu, kwa kuwa ukuta wa matofali hatukuwa nao.

Jambo la pili alilonifundisha alilisema akiwa amesimama, na alikuwa mtu wa kukaa. "Ramani mama haiguswi bila kikao. Kikao kikae, muhtasari uandikwe, sahihi zitiwe, ndipo uchukue kalamu. Hata mimi nikikuamuru, kataa." Nililishika hilo miaka yangu yote ya kazi isipokuwa siku moja.

Alipostaafu, nilihamishiwa karibu na bandari ya mto, ambako nilichora mipaka ya maghala mpaka nikaota maghala. Bosi wangu huko alikuwa Katibu Mtendaji, mama mmoja mkali aliyeniambia kila asubuhi, "Kiden, mistari yako imenyooka kuliko watu wangu." Nilikaa naye vizuri. Kisha watu wakaanza kujenga magharibi, ukiipita Gurei, vibanda vya mabati vikaota kama uyoga baada ya mvua, na mimi nikarudishwa ofisi ya mipango kuchora mtaa ule mpya kabla haujajichora wenyewe. Wakazi walikuwa wameshaupa jina, Hai Sabur, mtaa wa subira. Walikuwa wanajua mambo.

Baraza liliketi kuamua kituo cha kura cha Hai Sabur kiwe wapi. Nilikuwa nimefanya kazi yangu. Nilitembea na mnyororo wa kupimia, nikahesabu nyumba, nikatafuta mahali ambapo bibi mwenye fimbo angefika bila kupumzika mara mbili. Nikaweka nukta nyekundu. Basi, kikao kikaanza kuihamisha. Diwani wa kwanza aliivuta karibu na kwake, kwa sababu barabara ya kituo cha kura husawazishwa na greda. Wa pili aliivuta karibu na kanisa lake. Wa tatu alilala, akaamka, akasema nukta ni ndogo mno. Nilikaa pale kwa muda wa saa nne nikishika ramani kwa mikono miwili, na waliposhindwa kukubaliana wakairudisha pale pale nilipoiweka asubuhi, wakajipongeza kwa busara yao.

Nilifurahi lakini. Kura ya uhuru tulikuwa tumeipiga si zamani, na watu waliliheshimu neno kura kuliko neno serikali. Nikaandika ndani ya mraba ule kwa herufi zangu kubwa: KITUO CHA KURA. Nilijua hakuna mwenye bendera atakayethubutu kuweka geti pale. Na kweli hawakuthubutu. Kiwanja kilipona. Kosa langu ni kwamba kilipona kupita kiasi.

Tarehe ya uchaguzi ikatangazwa, ikasogezwa. Vita vikaja, tukajifungia, tukatoka. Ikatangazwa tena, ikasogezwa tena. Kiwanja kikamea nyasi. Mbuzi wakala nyasi. Mtu akaleta gari bovu, na Mwenyekiti wa Baraza akaweka pale matofali yake kwa muda, na muda ule haujaisha mpaka leo ninapoandika.

Hapo ndipo Mwalimu Poni alipoingia ofisini kwangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole, aliyefundisha watoto wa Hai Sabur chini ya mabati kwenye ua wa kupanga. Mwenye ua alikuwa anautaka. Poni aliweka barua mezani pangu, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

"Mama Kiden, kile kiwanja kitupu katikati ya mtaa. Tunaomba tujenge madarasa matatu tu. Wazazi watafyatua matofali wenyewe."

"Si kitupu, ustaza. Kimeandikwa kituo cha kura."

"Kura gani?"

Nikamwambia asubiri kikao.

Mwenyekiti alikuwa amekulia kambini Uganda, mtu wa tabasamu na mihuri. Nilimpelekea barua nikiwa na hakika jambo hili litakwisha kabla ya chai.

"Mheshimiwa, kila mahali watu hupigia kura shuleni. Waache wajenge. Siku ya kura ikija tunafungua madarasa."

"Mama Kiden, wewe nachanganya mimi. Shule ni shule, kura ni kura. Hiyo siku ya kura, watoto iko wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Siku moja tu."

"Sasa nani atapatia wao ruhusa ya kukaa nyumbani?"

Nilimtazama nikidhani anacheka. Alikuwa anaandika swali lake kwenye daftari ili kikao kilijadili. Nilitaka kulia.

Kisha akanionyesha kanuni, na kanuni kweli ilikuwepo. Kubadili matumizi ya kituo cha kura kulihitaji idhini ya kamati ya uchaguzi ya mtaa. Kamati iliundwa tarehe ya uchaguzi ikishatangazwa. Tarehe ikisogezwa, kamati ilivunjwa. Mara mbili iliundwa mbele ya macho yangu, na mara mbili ilivunjwa kabla haijapata viti vya kukalia. Kwa hiyo tulihitaji uchaguzi ili tuseme kwamba kiwanja kisingoje uchaguzi. Nilimweleza Poni hayo kwa heshima zote, naye akanisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto aliyekosa hesabu rahisi.

"Mama Kiden, umesoma wapi?" akaniuliza.

Alirudi kila mwaka, mwezi ule ule, na barua mpya. Miaka sita. Shule ilifukuzwa ua wa kwanza ikaenda wa pili, na kutoka wa pili ikaenda ng'ambo ya khor, ule mkondo ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika unabeba ng'ombe. Mvua zikianza, watoto wa upande huu wanabaki upande huu. Mwaka wa tano, masika, nilizunguka mbali kwa gari la ofisi nikaenda kumtazama. Mabenchi ya nyuma yote yalikuwa matupu. Nikamwuliza wenye mabenchi wako wapi. Akasema wavulana watarudi kiangazi, wasichana hana hakika, kwa sababu msichana akikaa nyumbani miezi mitatu kazi humpata, na baada ya kazi humpata mume.

Niliporudi nilipitia kwenye kiwanja. Mbuzi watatu walikuwa wamekaa juu ya matofali ya Mwenyekiti. Nilisimama pale nikatukana kwa Kibari, lugha ya mama yangu, ambaye asingenisamehe.

Sasa mtaniuliza, mbona hukufanya kitu? Nilifanya kila kilichoruhusiwa. Niliandika taarifa. Nilichora mchoro wa shule na masanduku ya kura ndani yake, nikamwonyesha Mwenyekiti, naye akausifu sana na kuubandika ofisini kwake. Nilisema kikaoni, nikaambiwa nimekwisha kusikika. Na kila jioni nilifunga ramani mama ndani ya droo ya chuma, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mbuzi.

Mwaka wangu wa mwisho wakaja vijana na kompyuta. Wana vyombo vinavyoongea na setilaiti, wanapima kwa dakika kumi tulichopima kwa siku mbili, na siwaonei wivu, ni watoto wazuri. Walitaka kuzipiga picha ramani mama zote ziingie kwenye mashine, na baada ya hapo karatasi zifungiwe stoo. Nikapewa kazi ya mwisho: nizitoe, nizikague moja moja, nitie sahihi kwamba zimekamilika.

Ya Hai Sabur niliikuta saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, watu wakipita mlangoni na kunisalimu. Sikujificha. KITUO CHA KURA, herufi zangu mwenyewe, na chini yake nafasi ya kutosha. Nilimsikia Mpima Mkuu kama vile amesimama nyuma yangu na tai yake. Nikachovya kalamu ile ile kwenye wino ule ule nikaandika: NA SHULE. Nikapuliza ikauke. Nikatia sahihi kwamba ramani imekamilika, na kwa mara ya kwanza sahihi hiyo ilikuwa ya kweli.

Niliagwa kwa soda na saa ya ukutani. Wiki chache baadaye vijana wakaionyesha ramani ukutani mbele ya kikao, na Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Kisha nikaitwa.

"Mama Kiden! Iko hapa naandikwa, kura na shule. Sasa miaka yote hii wewe ulikuwa nalala? Hawa watoto walikosea nini?"

Alikuwa amekasirika kweli, jamani. Kwa niaba ya watoto! Madiwani wakatikisa vichwa, na yule wa kulala alikuwa macho safari hii kuliko wote. Kwa kuwa hapakuwa na matumizi ya kubadili, kamati haikuhitajika; kikao kikathibitisha shule siku hiyo hiyo, muhtasari ukaandikwa, sahihi zikatiwa. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa uzembe katika kusoma ramani niliyoichora mwenyewe. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Madarasa matatu yamesimama. Matofali ya Mwenyekiti yameegemea ukuta wa darasa la pili, bado kwa muda. Kura haijapigwa.

Poni alikuja kwangu mvua za kwanza zilipoanza. Nilikuwa nimeweka maji ya chai jikoni. Hakuketi.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita unaniambia hakuna, na ilikuwa imeandikwa."

"Malesh, ustaza. Nisamehe."

"Malesh haitoshi, Mama Kiden. Wasichana wangu wanne hawajarudi. Mmoja ana mtoto mgongoni. Juzi alipita akasimama dirishani akasikiliza, halafu akaenda sokoni."

Sikumwambia ukweli. Muhtasari ulikuwa haujafika ngazi ya juu, nikaogopa neno langu lingekirudisha kiwanja kwa mbuzi. Sasa umefika na umegongwa mihuri, na kukaa tena kikao cha kuutengua, hao ninawajua, hawawezi. Kwa hiyo ninaandika.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa kama nilivyofundishwa, na mafundisho ni mazuri, yashikeni. Lakini Mwalimu Poni akisoma hapa nataka ajue kwamba maneno yale hayakuwepo miaka sita. Yana umri wa mvua moja. Kalamu ilikuwa mezani siku ile ya kwanza alipoleta barua yake, wino umejaa, na nafasi chini ya herufi zangu ilikuwa ile ile. Nami nikamwambia asubiri kikao.